Kikapu na maembe: mchezo uliozaliwa juu ya meza yetu ya chakula

Jioni moja adhana ya Magharibi ilikwisha, na kijana wetu wa miaka 13 alikuwa bado ameinamia simu ya mama yake. Alipoitwa mara ya tatu alijibu, bila kuinua uso, kuwa mchezo ule hausimamishiki. Akiuacha atapoteza kila alichokusanya tangu mchana. Hatukumgombeza usiku ule. Jawabu lake lilitushughulisha kuliko kosa lake, kwani alilisema kama mtu anavyosema kuwa mvua inanyesha: jambo lililoshuka tu, lisilo na mwenyewe.

Simu tungeweza kuificha kabatini, na tuliificha kwa siku nne. Siku ya tano tukamkuta kwa jirani, kwenye simu nyingine, na mchezo ule ule.

Aliyetutoa katika mvutano huo ni mjomba wake, ambaye ni fundi redio. Alitusikiliza, akanywa chai yake, kisha akasema: “Shemeji, mtoto huyu hajui kuwa mchezo una fundi. Mwacheni atengeneze wa kwake, hata uwe mdogo wa namna gani, halafu tuone.” Hatukuwa na imani kubwa. Hata hivyo tulikubali, kwa sharti kwamba kazi ifanyike mezani mbele ya watu wote, na mdogo wake wa kike, mwenye miaka 9, awe na sehemu yake.

Vifaa tulivipata Kariakoo kwa siku moja, na vyote vilienea katika mfuko wa sukari wa kilo moja. Moyo wa kazi ni bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Jamii hii ya bodi ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa mainjinia, na michoro yake iliachwa wazi ili yeyote aweze kuiiga. Ndiyo sababu siku hizi zinapatikana za bei nafuu zilizotengenezwa na viwanda mbalimbali. Programu ya kuiandikia maagizo hutolewa bure. Pamoja na bodi tulichukua kioo kidogo chenye upana wa kama vidole viwili, vitufe vitatu, spika ndogo bapa inayotoa mlio, nyaya za kuchomeka, na ubao wa plastiki wenye matundu ambao hukuwezesha kuunganisha vitu bila kulehemu. Huo ubao tunausifu sana. Kwa wiki mbili za mwanzo hapakuwa na moto wala risasi ya kulehemu mezani, na makosa yote yalirekebishwa kwa kung'oa waya na kuuchomeka penginepo.

Isipokuwa kosa moja. Kioo kina miguu minne: miwili ya umeme, chanya na hasi, na miwili ya kupitishia habari. Kijana alifuata picha aliyoiona katika maelezo aliyopewa, ambamo mguu wa kwanza ulikuwa chanya. Kioo chetu kilikuwa cha kiwanda kingine, na mguu wake wa kwanza ulikuwa hasi. Alipochomeka, hakuna kilichowaka. Baada ya muda mfupi binti akasema kioo kinanukia, na tulipokigusa kilikuwa cha moto. Kilikufa kabla hakijaonyesha hata nukta moja. Herufi za kuonyesha mguu upi ni upi zilikuwa zimechapwa pale pale mgongoni mwa kioo, ndogo lakini wazi, na hakuna aliyezisoma, sisi wazazi tukiwemo. Mzazi atakayejaribu kazi hii na alishike hili: soma kilichoandikwa juu ya kifaa chenyewe, usiisome picha. Kijana alikaa kimya siku mbili. Kioo cha pili alikinunua kwa fedha zake za Idi.

Cha pili kiliwaka. Neno la kwanza kuandikwa juu yake lilikuwa jina la mdogo wake, jambo ambalo hatukulitarajia.

Wakaketi kuchagua mchezo. Kijana alitaka vita vya angani. Binti alitaka maembe. Maembe yalishinda kwa sababu ya urahisi: maembe yanadondoka kutoka juu, kikapu kinakwenda kushoto na kulia chini, na ukikosa maembe matatu mchezo umekwisha. Mjomba alisema michezo mingi mikubwa ya zamani haikuzidi hapo. Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1972, ulikuwa mpira mmoja na vibao viwili tu, na aliyeujenga, Allan Alcorn, alikuwa amepewa kazi ile kama zoezi la kujifunzia.

Kazi ya kuchora ilikuwa ya binti, na hapa tunaomba tukawie kidogo, maana ndipo sisi wenyewe tulipojifunza. Kioo kile kina nukta 128 kwa upana na 64 kwa urefu. Kila nukta ama inawaka ama imezima. Hakuna rangi, hakuna kijivu. Embe likapewa mraba wa nukta nane kwa nane. Binti alichukua daftari lake la hisabati lenye viboksi, akapiga mstari kuzunguka viboksi 64, akaanza kuvijaza kwa penseli: kilichojazwa kinawaka, kilichoachwa kimezima. Embe la kwanza lilifanana na yai. La tatu likapata kikonyo na mgongo uliopinda, na bibi yao akaidhinisha kuwa sasa ni embe dodo.

Je, bodi itausomaje mchoro wa daftari? Kila safu ya viboksi vinane hugeuzwa kuwa namba moja. Kiboksi cha kwanza kushoto kina thamani ya 128, kinachofuata 64, kisha 32, 16, 8, 4, 2, na cha mwisho 1. Unajumlisha thamani za viboksi vilivyojazwa tu. Safu yenye viboksi vinne vya katikati ni 32, 16, 8 na 4, jumla 60. Safu iliyojaa yote ni 255. Embe zima, basi, ni namba nane zilizofuatana. Mtoto wa miaka 9 ambaye mwalimu wake hulalamika kuwa hapendi kujumlisha alijumlisha safu nane za embe, nane za kikapu, na nane za embe lililopasuka, kisha akarudia zote kwa sababu alihisi amekosea mahali. Kweli alikuwa amekosea. Sehemu ya kikapu ilikuwa na tundu.

Tulishangazwa pia na udogo wa kumbukumbu. Bodi ile ina baiti 2,048 za kufanyia kazi, na picha ya kioo kizima peke yake inahitaji 1,024, yaani nukta 8,192 zikigawanywa kwa nane. Nusu ya akili yote imekwisha kabla embe halijadondoka! Kijana, aliyezoea simu ambazo picha moja huzidi hapo mara elfu, ilimbidi ajifunze kubana matumizi: maembe yasizidi manne kwa wakati mmoja, na namba ndogo isipewe nafasi ya namba kubwa.

Kuhusu maagizo yenyewe tutapita haraka, kwa kuwa ni rahisi kuliko yanavyotisha. Mchezo ni duara. Angalia vitufe, sogeza kikapu, teremsha maembe, pima kama embe limeingia au limekosa, chora kioo, rudi mwanzo. Duara hilo huzunguka mara 30 hivi kwa sekunde, na jicho huona mwendo. Mpangilio wa hatua wa namna hii mafundi wa kompyuta huuita algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9. Bibi yao alifurahia habari hiyo kuliko kioo na vitufe vyote, na tangu hapo kila amwonapo mjukuu wake na nyaya humuuliza al-Khwarizmi wake anaendeleaje.

Vitufe viwili vilikuwa vya kushoto na kulia. Cha tatu kilizua mjadala. Kijana alitaka kiwe cha kurukisha kikapu. Mama yake akasema: kiwe cha kusimamisha mchezo. Hakuongeza neno, na kijana naye hakuuliza sababu.

Kitufe hicho kilitusumbua kuliko vyote. Mara ukikibonyeza mchezo unasimama, mara unaendelea kana kwamba hukugusa kitu. Tulidhani ni waya mbovu, tukabadilisha waya. Tulidhani ni kitufe kibovu, tukabadilisha kitufe. Mjomba ndiye aliyetueleza kuwa ndani ya kitufe kuna vipande viwili vya chuma, na vinapokutana havitulii mara moja. Hurukaruka kama sarafu iliyoangushwa sakafuni, kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde. Sisi tunaona kubonyeza kumoja. Bodi, ambayo ni ya haraka mno, huona kubonyeza kadhaa: simama, endelea, simama, endelea. Dawa yake ni kuiambia bodi, ikishaona kitufe kimebonyezwa, isikisikilize tena mpaka ipite sehemu 50 za elfu za sekunde. Mstari mmoja wa maagizo, baada ya jioni mbili za kulaumu nyaya zisizo na hatia. Tangu siku hiyo mchezo husimama unapoambiwa usimame.

Kisha ikaja rekodi. Watoto walitaka alama ya juu kabisa ibaki hata umeme ukikatwa, na bodi ina ghala dogo la kudumu kwa kazi hiyo. Kijana akaandika maagizo ya kuweka alama ghalani katika kila mzunguko wa duara. Mjomba alipoisoma programu alishika kichwa. Mtengenezaji wa chipu anahakikisha kila chumba cha ghala lile kinaweza kuandikwa mara 100,000 hivi. Kwa mara 30 kila sekunde, uhai huo ungeisha kabla ya saa moja kupita. Sasa huandikwa tu pale rekodi inapovunjwa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Mchezo ulipotimia, binti ndiye aliyeucheza zaidi. Rekodi yake ilifika 41. Kwa siku tatu hakuweza kuivuka. Alikuwa akifika 38, 39, 40, kisha maembe yanamponyoka matatu kwa mpigo, naye anaanza upya papo hapo. Alikataa kula. Siku ya tatu alilia na kusema: “Bibi, huu mchezo unanionea.” Tulimwambia asiseme hivyo, mchezo ni waya na kioo tu, hauna macho ya kumwona nani anacheza.

Bibi yao hakuridhika. Alimwita kijana akamuuliza mbele yetu: “Mjukuu wangu, kuna jambo umeliweka humo?”

Kijana alitazama chini. Akakiri kuwa alikuwa ameongeza mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikagua kama alama zimebakia tatu kuifikia rekodi. Wa pili uliongeza kasi ya maembe maradufu. Alifanya hivyo, alisema, kwa sababu aliona mdogo wake akishindwa kwa mbali huuweka mchezo chini na kwenda kucheza nje; bali akishindwa kwa karibu, hurudia. Naye alitaka arudie, kwa kuwa alifurahi kuona mtu anaupenda mchezo wake.

Hakuna aliyemjibu kwa muda. Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akasema: “Kwa hiyo na ule wa kwenye simu kuna mtu amekaa akauandika usisimamishike.”

Hatukuwa tumemfundisha hilo. Hatukuwa hata tumeliweka wazi kiasi hicho katika vichwa vyetu. Mjomba wake alimweleza baadaye kuwa jambo lenyewe si geni. Mashine za michezo za miaka ya 1970 ziliwekwa madukani na kumbini zikila sarafu. Mchezaji akicheza saa nzima kwa sarafu moja, mwenye mashine amekula hasara. Mchezo ulipaswa kuwa mtamu na kuwa mfupi. Hata ule mwendo wa kuzidi kasi, ambao leo kila mtengenezaji huuweka kwa makusudi, una kisa chake. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, Mjapani Tomohiro Nishikado aligundua kuwa kadiri maadui walivyopungua kiooni, ndivyo kompyuta ilivyokuwa na vitu vichache vya kuchora na ndivyo waliobaki walivyokwenda mbio. Ulikuwa udhaifu wa mashine. Aliona unanogesha mchezo, akauacha. Tofauti ya udhaifu ule na mistari miwili ya kijana wetu tuliijadili hadi usiku, na tunakiri hatukuafikiana. Baba aliona kuongeza ugumu si dhuluma, kwani hata mtihani huanza na maswali mepesi. Mama aliona ugumu unaokungoja mlangoni mwa ushindi wako, wewe peke yako, bila kukujulisha, hauwezi kuitwa mtihani. Bibi alisema kuwa aliyelia ndiye wa kuulizwa.

Binti akaulizwa. Hakutaka mchezo uwe rahisi. Alitaka kasi iongezeke kila baada ya maembe kumi, kwa kila mchezaji, na iandikwe kiooni ili ijulikane. Kijana akafuta mistari yake miwili, akaandika ya mdogo wake. Jioni hiyo hiyo rekodi ilivuka 41, ikafika 67, na mpigaji kelele mkubwa alikuwa kaka.

Tumalizie habari ya kifaa chenyewe, kwa wale watakaotaka kufanya kama sisi. Ili kishikike mkononi tulikitoa kwenye ubao wa matundu na kukilehemu. Kazi hii aifanye mtu mzima au ifanyike akiwepo, dirisha likiwa wazi, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani waya wa kulehemu mara nyingi una risasi, na risasi ni sumu kwa watoto zaidi. Kasha lake ni boksi gumu la tende lililokatwa matundu kwa kisu. Umeme ulituhangaisha. Betri ndogo ya mraba ya volti 9 huisha upesi mno. Pawabenki ilionekana suluhisho, lakini ya kwetu ilijizima yenyewe baada ya muda mfupi; mchezo unatumia umeme mdogo kiasi kwamba pawabenki hudhani hakuna kilichochomekwa. Tumebaki na waya wa chaja ya ukutani, na kwa hiyo mchezo wetu wa mkononi hauendi mbali na soketi. Mama yao haoni kuwa hiyo ni kasoro.

Simu haijaachwa kabisa, na tusingependa msomaji adhani hivyo. Ila juzi tulimsikia kijana akimweleza rafiki yake, wakiwa na simu ya huyo rafiki, mahali ambapo yeye angeuweka ule mstari wa kumrudisha mtu mchezoni. Walikuwa wakiutafuta pamoja, kama watu wanaotafuta tundu kwenye chandarua.

Kwa sasa rekodi ya maembe ni 231, na ni ya binti. Kijana aliitenga chumba kimoja tu ghalani, baiti moja, ambayo haiwezi kushika namba inayozidi 255; ikifika 256 itarudi sifuri. Alimweleza mdogo wake waziwazi, akamwambia kurekebisha ni kazi ya dakika mbili. Binti amemkataza asiguse kitu. Anataka kwanza aione kwa macho yake ikirudi sifuri.